Kiharusi kwa Watoto: Mwongozo Kamili wa Kukitambua na Kukitibu, Kuanzia Dalili ya Kwanza hadi Mtoto Anaporudi Shuleni

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu ghafla kwa sababu mshipa umeziba, au pale mshipa unapopasuka na damu ikavujia ndani ya fuvu. Wengi wetu tukisikia jina la ugonjwa huu tunamfikiria mtu mzima mwenye shinikizo la damu la miaka mingi, na mazoea hayo ndiyo yanayowaponza watoto. Kiharusi humpata hata mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Kwa watoto wachanga kinakadiriwa kumpata mmoja kati ya kila 2,500 hadi 4,000 wanaozaliwa hai. Kwa watu wazima, viharusi vingi mno, takribani 85%, hutokana na kuziba kwa mshipa. Kwa watoto hali ni tofauti: kuziba na kuvuja hukaribiana kwa wingi. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba tiba ya mtu mzima haiwezi kuhamishiwa kwa mtoto bila kufikiri upya.

Mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa ajili ya tabibu, muuguzi na daktari anayempokea mtoto kabla ya mtaalamu yeyote kumwona, na pia kwa mzazi anayetaka kuelewa kinachofanyika na sababu zake. Dozi zilizotajwa ni za kumwongoza mtaalamu wa afya, ambaye atazilinganisha na uzito wa mtoto, hali yake na taratibu za hospitali yake. Mzazi asizitumie nyumbani.

Hatua ya kwanza: Kukifikiria kiharusi

Muda mwingi unaopotea haupotei barabarani wala kwenye foleni ya vipimo. Hupotea kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba mtoto anaweza kuwa na kiharusi, na tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha mara kwa mara kwamba utambuzi kwa watoto huchelewa hadi kupita saa 24. Kwa hiyo kanuni ya kushika ni hii: mtoto yeyote aliyepata ghafla udhaifu wa upande mmoja wa mwili, uso uliopinda, au usemi uliopotea au kuvurugika, achukuliwe kuwa ana kiharusi hadi vipimo vikatae.

Dalili hubadilika kulingana na umri. Mtoto mkubwa na kijana hufanana zaidi na mtu mzima: mkono unalegea, mguu unaburuzwa, maneno hayatoki sawasawa, jicho halioni upande mmoja, au anayumba kama amelewa. Maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla, hasa yakifuatana na kutapika na kupungua kwa fahamu, yaelekeze mawazo kwenye damu iliyovuja. Mtoto wa chini ya miaka sita mara nyingi huanza na degedege, na huo ndio mtego mkubwa, kwa kuwa degedege likionekana watu hutafuta homa na kusahau kuangalia kama mkono mmoja umebaki bila nguvu baada ya degedege kukoma.

Mtoto mchanga hana namna ya kuonyesha udhaifu wa upande mmoja. Kwake dalili ya kwanza kwa kawaida ni degedege la sehemu moja ya mwili, mkono au mguu unaorukaruka bila kukoma hata ukishikwa, katika siku tatu za kwanza za maisha, au vipindi vya kuacha kupumua. Wengine hawaonyeshi lolote hadi miezi kadhaa baadaye, mama anapogundua kwamba mtoto anatumia mkono mmoja tu. Mtoto hapaswi kuwa ameshachagua mkono wa kutumia kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Akifanya hivyo, mkono ule mwingine una tatizo na anahitaji kuchunguzwa, hata kama jamaa wote wanasema amerithi ushoto.

Anayemgundua mtoto akiwa nyumbani au shuleni afanye mambo machache tu. Aandike saa ya mwisho mtoto alipoonekana mzima, kwa sababu daktari ataiuliza na baadhi ya tiba hutegemea jibu hilo. Amlaze ubavu ikiwa amepoteza fahamu, anatapika au anapata degedege. Asimpe chakula, maji wala dawa ya mdomoni, kwa kuwa koo linaweza kuwa limelegea na kitu kikaingia mapafuni. Aspirini isitolewe kabisa katika hatua hii, kwa sababu bado haijulikani kama mshipa umeziba au umepasuka. Kisha mtoto apelekwe bila kusubiri katika hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, ikiwa ipo moja inayofikika. Dalili zikitoweka njiani, safari iendelee vilevile, maana kiharusi cha kupita mara nyingi hutangulia kile kikubwa.

Hatua ya pili: Dakika za kwanza hospitalini

Kazi ya kwanza ni kuulinda ubongo ambao bado haujafa. Pembeni mwa eneo lililokosa damu kabisa kuna eneo linalopata damu kidogo, na seli za hapo zinaweza kupona au kufa kutegemea mambo ya kawaida ambayo kila kituo kinaweza kuyasimamia: hewa, sukari, joto, maji na msukumo wa damu. Ninasisitiza hili kwa sababu mara nyingi akili zote huelekezwa kwenye dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ilhali watoto wengi watafaidika zaidi na usimamizi makini wa haya matano.

Fungua njia ya hewa na uhakikishe mtoto anapumua vizuri. Mpe oksijeni ikiwa kiwango chake katika damu kimeshuka chini ya 94%. Mwenye kiwango cha kawaida hana haja nayo. Pima sukari papo hapo kwa tone la damu, kwa kuwa sukari iliyoshuka inaweza kuleta udhaifu wa upande mmoja unaofanana kabisa na kiharusi. Ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, mpe kwenye mshipa glukosi ya 10%, mililita 2 kwa kila kilo ya uzito, kisha pima tena. Sukari iliyopanda sana nayo huongeza madhara kwenye ubongo, kwa hiyo usimpe glukosi mtoto ambaye hujampima ikiwa kipimo kipo.

Degedege linaloendelea kupita dakika tano litibiwe mara moja. Dayazepamu miligramu 0.3 kwa kilo kwenye mshipa, au 0.5 kwa kilo kupitia njia ya haja kubwa, hufaa pale ambapo dawa nyingine za kundi hilo hazipo, na inaweza kurudiwa mara moja. Likigoma, fuata na dawa ya mstari wa pili kama vile levetirasetamu miligramu 40 kwa kilo au fenitoini miligramu 20 kwa kilo, ikipitishwa polepole huku moyo ukifuatiliwa. Homa ishushwe kwa parasetamoli, kwa sababu kila ongezeko la joto huongeza mahitaji ya ubongo usio na akiba.

Dripu iwe ya chumvi ya kawaida ya 0.9%, kwa kiasi cha mahitaji ya mwili. Dripu zenye chumvi pungufu huvuta maji kuingia kwenye seli za ubongo na kuongeza uvimbe. Mtoto aliyeishiwa maji, awe anaharisha au ana selimundu (ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu), arudishiwe maji kwa uangalifu, kwa kuwa damu iliyokuwa nzito huganda kwa urahisi. Shinikizo la damu lililopanda kidogo lisiharakishwe kushushwa. Mara nyingi mwili wenyewe ndio unaolipandisha ili damu ifike pale palipobanwa, na kulishusha ghafla huua eneo lile lililokuwa likisubiri kuokolewa. Lishughulikiwe pale tu linapozidi sana kiwango cha juu cha umri wa mtoto, au pale ambapo damu imevuja, na hata hapo lishushwe taratibu.

Mtoto asile wala kunywa hadi uwezo wake wa kumeza upimwe. Alazwe bila kuinuliwa kichwa ikiwa hakuna dalili za shinikizo ndani ya fuvu. Zikiwapo, kichwa kiinuliwe nyuzi 30 na kiwe katikati, kisigeuzwe pembeni.

Hatua ya tatu: Maswali na uchunguzi wa mwili

Baada ya hali kutulia, na bila kuchelewesha picha, ulizia mambo yanayoelekeza kwenye chanzo. Je, mtoto ana selimundu, au kuna ndugu mwenye selimundu? Ana tatizo la moyo la kuzaliwa, au amefanyiwa upasuaji wa moyo? Alipata tetekuwanga katika miezi 12 iliyopita? Tetekuwanga inaweza kuacha uvimbe kwenye kuta za ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) za ubongo wiki au miezi baada ya vipele kukauka, na wazazi hawaitaji wasipoulizwa. Alianguka, akagongwa shingoni, au alijikunja shingo kwa nguvu michezoni? Ateri ya shingo inaweza kuchanika ukuta wa ndani kwa jeraha dogo, na damu iliyoganda hapo ikapanda ubongoni siku kadhaa baadaye. Kuna homa, maambukizi ya masikio au ya uso? Kuna historia ya kutokwa damu isiyokoma katika ukoo? Kijana aulizwe faraghani kuhusu dawa za kulevya, na binti aulizwe kuhusu dawa za uzazi wa mpango na uwezekano wa ujauzito.

Katika uchunguzi, pima kiwango cha fahamu na ukiandike, kisha ukirudie kila saa katika siku ya kwanza. Kipo kipimo maalumu cha uzito wa kiharusi kwa watoto wa miaka 2 hadi 18, kijulikanacho kama PedNIHSS, na pale kinapotumika hurahisisha mawasiliano kati ya hospitali inayotuma na inayopokea. Angalia kukakamaa kwa shingo, sauti zisizo za kawaida za moyo, mapigo ya mikono yote miwili, utosi wa mtoto mchanga, na ngozi. Mabaka mengi ya rangi ya kahawia yanaweza kuashiria ugonjwa wa kurithi uitwao nyurofibromatosi, ambao huambatana na kusinyaa kwa mishipa ya ubongo.

Yapo magonjwa yanayojifanya kiharusi, na kwa watoto ni mengi. Udhaifu unaobaki baada ya degedege kwa kawaida huisha ndani ya saa 24 au zaidi kidogo, lakini kusubiri uishe ndiyo njia ya uhakika ya kukikosa kiharusi. Mtoto asiye na kifafa kinachojulikana, aliyepata degedege bila homa na kubaki na udhaifu, apigwe picha. Kipandauso kinaweza kuleta ganzi na udhaifu unaosambaa polepole kwa dakika nyingi, ilhali kiharusi hufika kwa ghafla. Hata hivyo, kipindi cha kwanza kabisa kisiitwe kipandauso kabla ya picha. Uso uliopinda kwa sababu ya neva ya uso yenyewe humnyima mtoto uwezo wa kukunja paji la uso upande huo, na mikono na miguu yake huwa sawa. Paji likibaki na nguvu, tatizo liko ubongoni. Homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani huweza kufanana na kiharusi, na pia huweza kukisababisha, hivyo kupatikana kwa vimelea kusifunge uchunguzi ikiwa upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Uvimbe wa ubongo kwa kawaida huja polepole, ila ukivuja damu huja kwa ghafla.

Hatua ya nne: Picha ya ubongo

Lengo ni kupata picha ndani ya saa moja tangu mtoto afike. Picha ya CT (inayopigwa kwa eksirei na kompyuta) isiyo na dawa hupatikana haraka, mtoto mara nyingi hahitaji usingizi wa dawa, na inaonyesha vizuri damu iliyovuja. Udhaifu wake ni kwamba katika saa za kwanza za mshipa kuziba inaweza kuonekana safi kabisa. Kwa maana hiyo CT iliyo safi hukataa damu kuvuja, haikatai kiharusi. Ninaomba sentensi hiyo ishikwe, kwa kuwa watoto hurudishwa nyumbani kwa sababu ya kuisahau.

Kipimo kilicho bora ni MRI (mashine ya sumaku) yenye picha zinazoonyesha mwendo wa maji ndani ya tishu, ambazo huonyesha eneo lililokosa damu dakika chache baada ya tukio. Pamoja nayo zipigwe picha za ateri kuanzia upinde wa mshipa mkuu kifuani hadi juu ya kichwa, shingo ikiwemo, na picha za vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) ikiwa kuna homa, kuishiwa maji, maambukizi ya sikio au maumivu ya kichwa ya siku nyingi. Pasipo na MRI, picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa inatoa majibu mengi yanayohitajika. Kwa mtoto mchanga altrasaundi kupitia utosini huonyesha damu iliyovuja katikati ya ubongo, lakini hukosa viharusi vingi vya kuziba, hivyo isimpe mtu utulivu usiostahili.

Hospitali isiyo na mashine yoyote ifanye yote ya hatua ya pili, iwasiliane na hospitali kubwa kwa simu, na imsafirishe mtoto akiwa na dripu na muuguzi pembeni. Kipimo cha uti wa mgongo, ikiwa homa ya uti inashukiwa, kifanyike baada ya picha mtoto anapokuwa na udhaifu wa upande mmoja au fahamu pungufu. Dawa za bakteria hazisubiri kipimo hicho.

Hatua ya tano: Tiba kulingana na aina

*Ateri iliyoziba, kwa mtoto asiye na selimundu.* Picha ikishakataa damu kuvuja, aspirini huanzishwa, kwa kawaida miligramu 3 hadi 5 kwa kilo kwa siku, na baada ya wiki za mwanzo hupunguzwa hadi karibu miligramu 1 kwa kilo. Ikiwa chanzo ni moyo, au ateri ya shingo iliyochanika, madaktari wengi huchagua heparini ya molekuli ndogo kama enoksaparini (dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda), miligramu 1 kwa kilo kila saa 12, na watoto wa chini ya miezi miwili huhitaji miligramu 1.5. Donge lililotokana na maambukizi ya vali za moyo ni jambo la kipekee: hapo tiba ni dawa za bakteria, na dawa za kuzuia kuganda zinaweza kusababisha ubongo kuvuja damu.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda imethibitishwa kwa watu wazima. Kwa watoto, utafiti uliokusudiwa kuipima, uitwao TIPS, ulifungwa mwaka 2013 kwa kukosa washiriki wa kutosha. Mafunzo yaliyobaki ni ya maana: hospitali zilizojiandaa kwa ajili yake zilijifunza kumpokea mtoto mwenye kiharusi kwa haraka. Leo baadhi ya vituo vikubwa huitumia kwa vijana waliochaguliwa kwa uangalifu, ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, kwa kipimo cha watu wazima cha miligramu 0.9 kwa kilo. Kuondoa donge kwa mrija unaopitishwa ndani ya ateri nako kumeleta matumaini. Utafiti wa Save ChildS, uliochapishwa mwaka 2020 na kukusanya taarifa za watoto 73 kutoka vituo vya Ulaya na Marekani, ulionyesha usalama unaokaribiana na ule wa watu wazima. Ninachoshauri ni kwamba uamuzi huu ufanywe na timu yenye uzoefu, na kwamba kituo kisicho na uzoefu kitumie muda wake kuwasiliana na kusafirisha mtoto, kisijaribu peke yake.

Eneo kubwa lililokufa huvimba, hasa kati ya siku ya pili na ya tano. Mtoto anayelala zaidi, anayetapika upya au ambaye mboni moja ya jicho imepanuka anahitaji daktari wa upasuaji wa ubongo mara moja. Kufungua sehemu ya fuvu kupisha uvimbe huokoa maisha, nako hufaa zaidi kukifanyika kabla fahamu hazijapotea kabisa.

*Mtoto mwenye selimundu.* Hapa tiba ni damu, na aspirini haishiki nafasi yake. Lengo ni kupunguza haraka hemoglobini (kibeba oksijeni katika damu) yenye selimundu hadi chini ya 30%. Njia bora ni kubadilisha damu: kutoa ya mtoto huku akipewa nyingine. Maandalizi yake huchukua saa kadhaa, na ikiwa hemoglobini yake ni gramu 8.5 kwa desilita au chini ya hapo, aongezewe damu ya kawaida kwanza, kwa lengo la kuanza ndani ya saa mbili tangu afike. Isivuke sana gramu 10, kwa kuwa damu yenye chembe nyingi za selimundu ikiwa nzito hupita kwa shida zaidi. Apewe maji ya kutosha, oksijeni akihitaji, na homa yake itibiwe kama maambukizi mazito.

*Damu iliyovuja.* Pigia simu madaktari wa upasuaji wa ubongo kabla hata ya kumaliza vipimo. Rekebisha kuganda kwa damu kulingana na sababu: vitamini K kwa mtoto mchanga ambaye hakupewa sindano hiyo alipozaliwa, protini ya kugandisha inayokosekana kwa mwenye hemofilia (ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri), chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) kwa aliyepungukiwa. Mwenye hemofilia aliyegongwa kichwa na sasa anaumwa kichwa apewe protini hiyo kwanza, ndipo apelekwe kwenye picha. Shinikizo ndani ya fuvu likipanda, manitoli gramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, au chumvi ya 3% mililita 3 hadi 5 kwa kilo, humpa mtoto muda wa kufika chumba cha upasuaji. Mishipa iliyojisokota tangu kuzaliwa ndiyo chanzo kinachopatikana mara nyingi, na huhitaji mpango wa kuiziba, kuiondoa au kuichoma kwa mionzi ili isipasuke tena.

*Damu iliyoganda kwenye vena za ubongo.* Hii hujificha: mtoto ana maumivu ya kichwa yanayoongezeka, kutapika, degedege, macho yanayoona vitu viwili. Mara nyingi kuna kuishiwa maji, maambukizi ya sikio au upungufu wa madini chuma. Heparini hutolewa hata kama kuna damu kidogo iliyovuja kwa sababu ya vena kuziba, na huendelea kwa miezi mitatu hadi sita. Macho yafuatiliwe, kwa sababu shinikizo la muda mrefu linaweza kuharibu neva ya kuona.

*Mtoto mchanga.* Kiharusi cha ateri hurudi mara chache sana kwake, kwa hiyo aspirini na heparini kwa kawaida hazihitajiki isipokuwa moyo ukiwa na tatizo. Tiba ni kuzuia degedege, kusimamia sukari na joto, na kuanza mazoezi mapema.

Hatua ya sita: Kutafuta chanzo

Kila mtoto afanyiwe hesabu kamili ya damu na kuangaliwa chembe kwa hadubini, kipimo cha selimundu, vipimo vya kuganda kwa damu, chumvi za mwili, vipimo vya uvimbe wa ndani, kipimo cha kuotesha bakteria kutoka kwenye damu ikiwa ana homa, na kipimo cha VVU. Kipimo cha malaria kifanyike pale ugonjwa huo ulipo. Kipimo cha umeme wa moyo na altrasaundi ya moyo ni vya lazima, hata kama hakuna kelele iliyosikika moyoni. Upungufu wa madini chuma utafutwe na kutibiwa, kwa kuwa ni chanzo rahisi kuponya na hupuuzwa. Vipimo vya kurithi vya damu kuganda kupita kiasi huja baadaye, na baadhi hupotosha vikifanywa wakati mtoto bado anaumwa sana. Kupatikana kwa chanzo kimoja kusisimamishe utafutaji, kwani watoto wengi wana zaidi ya kimoja: mwenye tatizo la moyo aliyeishiwa maji, au mwenye upungufu wa madini chuma aliyepata tetekuwanga.

Hatua ya saba: Kuzuia kiharusi kingine, na kile cha kwanza

Hakuna eneo ambalo tiba ya kiharusi cha watoto imepiga hatua kubwa kuliko selimundu, na ndiyo maana ninakaa hapa. Kabla ya uchunguzi wa mapema, takribani 11% ya wenye selimundu aina ya SS (iliyorithiwa kwa wazazi wote wawili) walipata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kati ya miaka 2 na 5. Altrasaundi ya Dopla inayowekwa pembeni mwa kichwa hupima kasi ya damu kwenye ateri kubwa za ubongo. Kasi ya chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni ya kawaida, kuanzia 170 hadi 199 inahitaji kurudiwa baada ya muda mfupi, na ikifika 200 au zaidi mtoto yuko hatarini. Utafiti wa STOP, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wenye kasi hiyo kulipunguza kiharusi kwa 92%. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kuacha damu hizo hurudisha hatari. Mwaka 2016 utafiti wa TWiTCH ulionyesha kwamba mtoto aliyekwisha kuongezewa damu kwa angalau mwaka mmoja, na ambaye ateri zake hazijaharibika sana, anaweza kuhamishiwa kwenye dawa ya haidroksiyurea.

Kinachofuata kutokana na hayo kiko wazi. Kila mtoto mwenye selimundu aina ya SS apimwe Dopla mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16. Pale ambapo damu salama haipatikani kwa uhakika, haidroksiyurea ya angalau miligramu 20 kwa kilo kwa siku itolewe, hesabu ya damu ikifuatiliwa. Kwa aliyekwisha kupata kiharusi, kuongezewa damu kila mwezi ndiko kunakolinda zaidi, na dawa hiyo ni njia ya pili pale damu inapokosekana. Anayeongezewa damu kwa miaka atajaa madini chuma mwilini na atahitaji dawa ya kuyaondoa. Mzazi au mwalimu akiona alama za darasani zimeshuka bila sababu, aombe MRI, kwa sababu wapo watoto wengi wenye selimundu wanaopata viharusi vidogo visivyoonyesha udhaifu wowote.

Kwa wengine, aspirini huendelea kwa angalau miaka miwili katika mipango mingi ya tiba, na zaidi ikiwa ateri hazijapona. Mtoto anayetumia aspirini apewe chanjo ya mafua na ya tetekuwanga, na dawa isimamishwe kwa ushauri wa daktari anapopata mojawapo ya magonjwa hayo, kwa sababu ya hatari ya ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo. Mwenye ugonjwa wa moyamoya, ambao ateri kuu za ubongo husinyaa taratibu, anahitaji upasuaji wa kuletea ubongo damu kwa njia nyingine. Dawa peke yake hazitoshi. Katika kusubiri upasuaji asiachwe kuishiwa maji wala kulia kwa muda mrefu akihema kwa nguvu, kwa kuwa kuhema huko hubana mishipa zaidi.

Hatua ya nane: Kurudisha uwezo

Mazoezi yaanze hali inapotulia, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Mtaalamu wa viungo hulinda maungo yasikakamae, mtaalamu wa usemi hupima kumeza na kuzungumza, na mzazi hufundishwa kuyaendeleza yote kila siku. Kwa mkono dhaifu, njia iliyothibitika ni kuuzuia ule wenye nguvu kwa saa fulani kila siku, kwa wiki kadhaa, huku mkono dhaifu ukifanyishwa kazi za michezo.

Husemwa kwamba ubongo wa mtoto hupona wenyewe. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu inayokosekana inaumiza. Ubongo mchanga hujipanga upya, lakini zaidi ya nusu ya watoto hubaki na upungufu fulani, na mwingine hujitokeza miaka baadaye pale shule inapodai umakini, kumbukumbu na kasi ambavyo eneo lililoumia lingevisimamia. Kwa hiyo uwezo wa kujifunza upimwe kabla ya mtoto kurudi darasani na urudiwe anapopanda ngazi. Mwalimu aelezwe kwa maandishi: mtoto apewe muda zaidi wa mitihani, nafasi ya kupumzika anapochoka, na kiti ambacho upande anaoona vizuri unaelekea ubao. Kifafa kinaweza kuanza miezi au miaka baadaye, hivyo familia ijue namna ya kumhudumia. Huzuni, hasira na kujitenga vitazamwe kama sehemu ya ugonjwa, na ndugu zake nao wasikilizwe.

Kliniki iwe baada ya wiki chache, kisha kila miezi mitatu hadi sita katika mwaka wa kwanza, picha za ateri zikirudiwa kwa wale ambao mishipa yao ilikuwa na kasoro. Kila udhaifu mpya, hata wa dakika tano, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Binti aliyewahi kupata kiharusi, anapofikia umri wa kutumia uzazi wa mpango, apewe njia zisizo na estrojeni (homoni inayoongeza kuganda kwa damu), na taarifa hiyo iandikwe kwenye jalada lake kabla ya kuhamishiwa kwa madaktari wa watu wazima.